Nyota ya Mama Gapi

Mimi ni dobi, na dobi hadanganywi na suti. Koti linaweza kung'aa mabegani kama la waziri, lakini nikigeuza kola namwona mwenyewe alivyo. Uchafu wa kawaida haunitishi, ndio unaonilisha. Ninachoshindwa kuvumilia ni mtu mchafu anayejipulizia manukato juu yake, na Katibu wa Kijiji cha Samaki ni wa aina hiyo. Sisemi kwa kumteta, maana nilishamwambia usoni.

Kijiji cha Samaki si kijiji. Ni jukwaa la mtandaoni la watu wanaofuga samaki wa urembo majumbani, wale wadogo wa kwenye matangi ya kioo. Unaingia bure, unauliza, unajibiwa. Lilianzishwa na bwana mmoja tunayemwita Fundi Pampu, kwa kuwa kazi yake ni kutengeneza pampu za visima, na kwa miaka yote aliyoliongoza lilikuwa na sheria mbili tu. Ya kwanza: kabla hujauliza, taja maji yako, kama ni ya bomba, ya kisima au ya mvua. Asiyetaja maji alitaniwa kwanza, kisha akajibiwa.

Sheria ya pili ilihusu pesa. Jukwaa linakaa kwenye mtambo wa kukodi, na kodi hulipwa mara moja kwa mwaka. Wakati ukifika, Fundi aliandika sentensi moja: "Ndugu zangu, kodi ya nyumba imefika," akaweka namba ya kutumia. Kodi ikitimia aliifuta namba ile, hata kama kuna watu bado wana hamu ya kutuma. Halafu aliandika: "Ahsante kwa aliyetoa na kwa aliyekosa." Nani alitoa, nani hakutoa, hakuna aliyejua wala aliyeuliza. Tenda wema uende zako, na sisi tulikwenda zetu.

Mama yangu ndiye aliyekuwa roho ya jukwaa lile. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi, na kwa muda mrefu alilala akitazama dari. Mteja wangu mmoja alihama mji akaniachia tangi lake na gapi kadhaa, wale samaki wadogo wenye mikia kama vitenge. Nililiweka mbele ya kitanda cha Mama ili nikiwa kazini awe na kitu kinachotembea mbele ya macho yake.

Wiki ya kwanza tu nikaharibu. Chujio la tangi lina sifongo, nami nikaona sifongo limejaa utelezi wa kahawia. Dobi akiona kitu cha kahawia mkono unamwasha. Nikalifua kwa sabuni, nikalisuuza, nikalifua tena hadi likawa jeupe kama shati la bwana harusi. Kesho yake samaki wakaanza kuogelea kiubavu. Mama alichukua simu yake na kwa kidole gumba cha kushoto, herufi moja moja, akaandika Kijijini. Majibu yalimiminika. "Mwambie huyo dobi sifongo si shati," mmoja aliandika. Walieleza kuwa kwenye utelezi ule mnaishi vijidudu wanaokula sumu ya mikojo ya samaki, na ukiwaosha umeling'oa tangi ini. Mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue, sauti ikatoka upande mmoja wa mdomo, nami nikacheka naye huku nimeshika sifongo langu jeupe kwa aibu.

Tangu siku hiyo akawa Mama Gapi. Alisoma kila kitu, akajaribu kila kitu, akaanza kujibu wengine, na alikuwa na mdomo. Kwetu nyumbani majirani walikuja kumjulia hali wakamzungumzisha kwa kelele kama kiziwi, au wakaniuliza mimi juu ya kichwa chake, "Anakula?" Kijijini hakuna aliyemsemea mtu. Kule alitania, aligomba, aliwaita watu wazima "mwanangu" na wakaitika. Mahali pote pengine alikuwa mgonjwa. Kule alikuwa mtu mzima mwenye akili zake, na hapakuwa na kwingine.

Kisha macho ya Fundi Pampu yakaanza kufifia, akakabidhi jukwaa kwa kamati ya watu watatu. Mmoja nilikuwa mimi, nadhani kwa heshima ya Mama. Wa pili alikuwa muuza rangi za nyumba anayejiita Papa Mweupe. Wa tatu ni huyu Katibu, anayefanya kazi ofisi ya bima, mtu wa sauti laini, asiyekwambia jambo bila kukuita jina la udugu kwanza.

Katibu alisema kodi imepanda na kuomba mara moja kwa mwaka ni kubahatisha. Akaleta nyota. Ukitoa kidogo unapewa nyota ya shaba kando ya jina lako, ukiongeza ya fedha, ukijikamua ya dhahabu. Nikasema huo si mchango, ni mnada. Papa Mweupe akasema yeye anaona ni ubunifu mzuri. Wakanishinda wawili kwa mmoja, nikatoka kwenye kamati.

Ningekuwa mwongo nikisema pesa hazikuja. Zilikuja kama nzi. Watu waliokuwa wakijiita wafuga samaki wa kawaida, waliokuwa wakiulizana hali kwa upole, walianza kupandishiana nyota kama watu wanaogombea mke mmoja. Papa Mweupe alijivisha dhahabu siku ya kwanza, na tangu hapo akawa bingwa. Dawa yake kwa kila ugonjwa ni chumvi. Mapezi yameoza, weka chumvi. Samaki hali, weka chumvi. Zamani angepigwa maswali hadi akimbie, lakini sasa waliandika, "Ahsante sana, mkuu." Kwa ushauri ule samaki wengi walikuwa wamebakiza mafuta na ndimu tu.

Halafu wakaligawa jukwaa. Wenye nyota wakawekwa juu, na chini kabisa ukachorwa mstari wa kijivu ulioandikwa "Maswali mengine". Asiye na nyota akiandika, andiko lake linaangukia huko. Akitaka kumjibu mtu, jibu lake linasubiri kamati ilipitie kwanza. Hakuna aliyefukuzwa. Hilo ndilo Katibu alilirudia kila mahali, kwamba hakuna aliyefukuzwa na Kijiji bado ni bure.

Mama hakuwa na nyota. Aliendelea kuandika kila siku, "Habari za asubuhi wanangu, maji yanasemaje?" na hakuna aliyemwitikia. Alijibu maswali, majibu yake yakasubiri kamati yakachachia huko. Kisha jike lake kongwe la gapi, mama wa tangi zima, likavimba tumbo na magamba yakasimama. Ugonjwa ule hakuwahi kuuona. Akauliza, akataja maji yake kama sheria ilivyotaka, akapiga na picha. Akauliza tena kesho yake. Siku lilipokufa nilirudi kutoka kazini nikakuta simu imelazwa kifudifudi kitandani na maji ya tangi yameanza kuota ukijani, yeye ambaye hata konokono akimwona anamwondoa kwa kijiko.

Aliichukua simu akaniandikia: "Nimewakosea nini?"

Ningemwambia nini? Kwamba watoto wake wa huko wamemhamishia uani kwa sababu hakulipia sebule? Nilimwambia mtambo unasumbua. Akanitazama kwa lile jicho lake la kushoto, kisha akageukia ukutani.

Siku zile alipunguza kula. Nilikuwa namlisha uji kijiko kinarudi nusu. Hasira zangu nazijua, zinakuja na kuondoka, lakini hii haikuwa hasira. Ilikuwa kinyaa, kile unachokisikia ukiingiza mkono mfukoni mwa suruali ya mteja ukakuta kitu laini.

Katibu ni mteja wangu. Alikuja kuchukua suti yake, nami sikuitoa kwenye kamba. Nilisimama kaunta, mashine zinanguruma nyuma yangu, nikamuuliza kama anajua Mama Gapi ameandika kila siku kwa mwezi mzima bila kujibiwa.

"Dada yangu," alisema, "Mama Gapi ni hazina. Mimi binafsi namheshimu sana."

"Unamheshimu ukiwa wapi? Umewahi kufungua ule mstari wa kijivu?"

"Kamati imelemewa, dada. Wenye nyota peke yao ni wengi."

"Fundi aliendesha bila nyota. Na kodi ililipwa."

"Fundi aliomba kama yatima." Alisema kwa upole kabisa, akiwa ameweka vidole vyake safi juu ya kaunta yangu. "Mimi sikumbadilisha mtu, dada. Niliwauliza tu wanataka nini. Watu hawatoi ili samaki waishi. Wanatoa ili waonekane. Ukificha mtoaji, umemnyima alichokuja kununua. Sasa hivi tuna kodi ya miaka mitatu mbele. Hiyo ni dhambi?"

"Kaka, wewe unanuka," nilimwambia. "Na sisemi kuhusu suti."

Alicheka kidogo, kama mtu aliyezoea kutukanwa na wateja wa bima. "Lakini kwa Mama, kama ni mama yako, tunaweza kumfanyia nafuu. Nyota ya shaba kwa nusu ya mchango."

Nikampa suti yake. Mkono wangu alipougusa niliunawa, na nilinawa mbele yake.

Nilimpigia Fundi Pampu. Nilimwamkia, akaitikia, nikamuuliza macho yanaendeleaje. Nilipomweleza alisema nyumba ukishaikabidhi huwezi kurudi kupanga viti. Nilimwomba aandike neno moja tu, watu wangemsikiliza. Hapo akaanza kukohoa na kuzungukazunguka, na nikafungua simu ya kazini huku anaongea, nikalitafuta jina lake. Lilikuwa na nyota ya dhahabu.

"Fundi, na wewe?"

"Walinipa bure, mwanangu," alisema. "Ya heshima. Nikatae heshima?"

Basi nikabaki na njia moja, nayo naichukia hadi leo. Mama alikuwa anaishia mbele yangu, na dawa ilikuwa inauzwa. Nikanunua. Sikununua ya shaba kwa huruma ya Katibu, nilinunua ya dhahabu kwa bei kamili. Ukiamua kula nguruwe, kula aliyenona. Nilituma kwa jina la Mama Gapi nikiwa nimesimama kati ya mashuka ya hoteli yaliyoanikwa, na nilipomaliza nilihisi nimelamba sakafu.

Jioni nilimkuta Mama ameketi. Ameketi mwenyewe, ameegemea mto, simu mkononi, na uso wake umewaka. Alinivuta nisome. "Mama Gapi! Umeadimika mama yetu!" "Kimya kingi, tukasema labda unaumwa." "Kijiji hakikuwa na ladha bila wewe." Papa Mweupe naye aliandika, "Karibu tena, malkia," na kumshauri kuhusu jike lake lililokwisha kufa. Alisema aweke chumvi.

Nilisoma moja baada ya jingine. Hakuwa ameadimika. Alikuwa amewaamkia kila asubuhi, hatua mbili chini ya miguu yao, na kila mmoja wao alikuwa na kidole cha kufungulia mstari ule. Lakini Mama alikuwa anacheka ule upande wake, na usiku huo alimaliza uji na kuomba mwingine. Nikajiambia, nyamaza. Kilichokukera umekilipia, na kimefanya kazi.

Kwa kweli kilifanya kazi. Tangi likang'aa tena. Mama akarudi kugomba na kutania, akamtandika Papa Mweupe maswali kuhusu chumvi hadi bwana yule akasema ana wateja dukani. Nilianza kufikiri labda Katibu ana haki yake ya kunuka, mradi nyumba yangu ina harufu nzuri.

Jumapili moja mchana mvua ilinyesha kwa nguvu. Kwetu umeme ulibaki, lakini inaelekea kwingine ulikatika. Nilikuwa nakunja nguo chumbani kwa Mama, nikamwona kwa pembeni akifanya jambo ambalo nilikuwa nimeliona mara kadhaa bila kulitilia maanani. Alishuka hadi chini kabisa ya ukurasa, akafungua mstari wa kijivu, akasoma, akaufunga. Akakaa kidogo. Akaufungua tena.

Nikainama nisome naye. Kulikuwa na mtu anayejiita Kiluwiluwi, mgeni, jina sijawahi kuliona. "Maji yangu ni ya kisima," alianza, akifuata sheria ambayo wenye nyota walishaisahau. "Umeme umekatika, pampu ya hewa imesimama. Samaki wote wamepanda juu, wanahema midomo wazi. Nifanye nini? Naomba mtu yeyote." Chini yake ameandika tena: "Mmoja ameshageuka tumbo juu." Na tena: "Kuna mtu?"

Jibu la swali lile analijua kila mtu Kijijini. Chota maji ya tangi kwa kikombe, yamwage kutoka juu ili yaingie hewa, rudia, usichoke hadi umeme urudi. Mama alikuwa amelitoa jibu hilo mara nyingi kuliko alivyoamkia watu.

"Mama, mjibu," nilisema.

Hakutikisika. Nikachukua simu yangu nikaandika mwenyewe harakaharaka. Mimi sina nyota, sikujinunulia. Nikapata maneno ya kijivu: "Ahsante. Jibu lako litapitiwa na kamati." Kamati Jumapili haipitii chochote.

"Mama, mjibu wewe. La kwako linatokea papo hapo. Samaki wanamfia."

Kidole gumba chake kikaanza kwenda, herufi moja moja, nikashusha pumzi. Kisha akanigeuzia simu, na nikaona alikuwa ananiandikia mimi.

"Mimi nililia mwezi mzima humu. Nani alinijibu?"

Alikuwa amenitolea macho, hata lile la kulia lisilotii. Nikaona bora nimkate hapo hapo, kwa ukweli, hata kama utamuuma.

"Mama, ile nyota hukupewa na mtu kwa mapenzi. Niliinunua mimi."

Akairudisha simu kwake, akaandika, akanigeuzia tena.

"Najua. Na wao walinunua."

Kisha akaandika neno jingine chini yake, akanionyesha bila haraka.

"Anunue."

Nilinyoosha mkono. Akaisukuma simu chini ya mto, upande wake mzima, akaulalia. Ningeweza kuinua ule mto. Mama hana uzito tena, ni kama kunyanyua kapu la nguo kavu. Lakini mtu hamwinui mama yake aliyepooza ili amnyang'anye simu kwa ajili ya samaki wa mtu asiyemjua. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, nikaendelea kukunja nguo, na kila nguo niliyoikunja niliikunja vibaya.

Asubuhi nilipomletea uji alikuwa ameshaamka na ananingoja. Alinipa simu mwenyewe. Juu kabisa ya ukurasa, pale penye mwanga, alikuwapo Kiluwiluwi, na kando ya jina lake nyota ya fedha. "Wamekufa wote isipokuwa mmoja," alikuwa ameandika. "Najifunza. Nimeona nichangie Kijiji." Chini yake ulikuwa msururu: karibu ndugu, karibu mpambanaji, pole sana, tuko pamoja, na Papa Mweupe na chumvi yake.

Wa kwanza kabisa kumkaribisha alikuwa Mama Gapi. "Karibu nyumbani, mwanangu," alimwandikia. "Siku nyingine umeme ukikatika, chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu, usichoke hadi urudi. Samaki hawatakufa. Uliza wakati wowote, sisi tupo."

Nilisoma hadi mwisho. Mama alikuwa anatabasamu kwa ule upande wa mdomo, anasubiri nimsifu, na uji ulikuwa unapoa mkononi mwangu. Nikamwambia ameandika vizuri, nikaanza kumlisha.